Nitembee Niende Wapi, Daktari?

Ikiwa umewahi kuambiwa na daktari kwamba shinikizo lako la damu limepanda, au kwamba sukari imezidi mwilini, bila shaka uliondoka kliniki na vitu viwili: karatasi ya dawa na agizo la kutembea. Dawa ulinunua. Je, lile agizo la pili ulilifanyaje? Usinijibu, najua. Kwa muda wa miaka 18 nimekuwa nikilitoa agizo hilo hapa Nairobi, dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma, na wagonjwa walionirudia wakasema wamelifuata kwa zaidi ya mwezi mmoja naweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono yangu.

Nilikuwa nikiwalaumu. Nilidhani ni uvivu, au ni ile tabia yetu ya kutaka kila ugonjwa uondoke kwa sindano. Hadi siku moja mama mmoja muuza mitumba wa Gikomba, mwenye umri wa miaka 55 hivi, aliponikazia macho na kuniuliza: "Nitembee niende wapi, daktari?"

Akanieleza. Sokoni hufika alfajiri na kuketi juu ya robota lake hadi jioni. Anakokaa hakuna njia ya wendao kwa miguu. Pikipiki hupita hadi mlangoni mwa watu. Isitoshe, siku moja alipotoka jioni na viatu vya raba, peke yake, jirani alimwuliza kwa huruma kama biashara imeanguka hata akakosa nauli ya matatu. Tangu siku hiyo hakutoka tena. Sikuwa na jibu. Nilimwongezea dawa, nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Haikupita miezi mingi kabla ya zamu yangu kufika. Daktari mwenzangu alinipima kwa mzaha tu, tukingojea chai, akapata 152 kwa 96. Alirudia mara mbili, na siku nyingine mbili, na namba hazikushuka chini ya 140 kwa 90, ambao ndio mpaka tunaowawekea wengine. Nilikuwa na miaka 46. Naye, bila kutabasamu, akaniambia maneno yale yale ambayo nimewaambia maelfu ya watu: "Anza kutembea."

Basi nilinunua viatu. Kila asubuhi nikazunguka kiwanja cha shule kilicho karibu na nyumbani, kama ngamia wa kinu cha simsim. Nilidumu siku tisa. Siku ya kumi kulinyesha mvua, na ya kumi na moja haikunyesha lakini nilijifanya sikuona.

Nayaeleza haya ili ujue kwamba niliyoyapata Mombasa sikuyapata kwa kuyatafuta. Tulikuwa na mkutano wa madaktari huko, na alasiri moja ikawa haina kazi. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kibokoni, alikataa kuniacha nilale hotelini. Alinikabidhi kwa mzee wa mtaani kwao, mtu wa miaka 70 na kitu, ambaye riziki yake ni kutembeza wageni Mji wa Kale. Tulikutana mbele ya Ngome ya Yesu baada ya sala ya alasiri. Aliniangalia kuanzia viatu hadi tumbo, akasema, "Ndoo, mwanangu, nikutembeze mji."

Mimi nimefika Mombasa pengine mara ishirini. Ngome hiyo nimeiona tangu nikiwa mwanafunzi, nikajua kwamba Wareno waliijenga kuanzia 1593. Lakini sijawahi kuelezwa na mtu aliyesimama kando yangu, akiuelekeza mkono ukutani, jinsi Waomani walivyoizingira tangu 1696 hadi 1698, na jinsi maradhi yalivyowamaliza waliokuwa ndani kuliko silaha. Nilisimama pale nikifikiria watu waliofungiana katika joto, maji machache, panya na vinyesi. Daktari yeyote angeweza kuandika cheti cha kifo cha ngome ile bila kutaja risasi.

Kutoka hapo tuliingia Ndia Kuu. Wageni husoma jina hilo wakadhani limekosewa. Ni "njia" kwa Kimvita. Ukipita hapo utaelewa kwa nini wazee walijenga nyumba ndefu za mawe ya matumbawe zikakaribiana namna ile, huku vibaraza vya juu vimechomoza na kukifunika kichochoro. Jua la saa kumi lilikuwa likichoma kule barabara kubwa, lakini humo kulikuwa na kivuli na upepo wa bahari. Mji huo ulijengwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Gari likiingia ndilo linaloomba radhi (pikipiki na tuktuk, kwa bahati mbaya, haziombi).

Tukapita Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa 1570, tukatokea Bandari ya Kale. Meli kubwa siku hizi ni za Kilindini, lakini mzee alinionyesha pale majahazi yalipokuwa yakijaa msimu wa kaskazi, yakingojea kusi ili yarudi Arabuni na Bara Hindi. Akanitajia pia Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, na ambaye mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga kwa homa. Ilibidi ipite miaka 53 zaidi, hadi 1897, kabla ya Ronald Ross kugundua kwamba mbu ndiye aibebaye malaria. Nilikuwa nimeyasoma mambo hayo mawili katika vitabu viwili tofauti. Sikuwahi kuyaweka pamoja hadi niliposimama ukingoni mwa maji yale, nikipigwa na upepo wa jioni, huku mbu wa kwanza akianza kunizungukia sikioni.

Lakini lililonishughulisha zaidi si historia. Ni miguu ya mzee. Katika joto lile, wakati wenzake wote walivaa ndara, yeye alivaa viatu vilivyofunika vidole, na soksi. Nilimwuliza. Akacheka, akasema ana kisukari mwaka wa 22 sasa, na kwamba zamani alikuwa akienda pekupeku hadi sokoni, akachomwa na msumari bila kusikia maumivu. "Kidole kimoja nilikiwata hospitali," akasema, kama mtu aliyesahau mwavuli. Tangu hapo kila usiku mkewe humwangalia nyayo kwa taa kabla hajalala, kama kuna mkwaruzo au lengelenge.

Ningependa wagonjwa wangu wote wa kisukari wangemsikia. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguu hufa ganzi, na kidonda hukua bila mwenyewe kujua. Mtu kama huyo hakatazwi kutembea. Anatakiwa kutembea, lakini kwa viatu vilivyofunika na visivyobana, na nyayo zikaguliwe kila siku. Mzee yule, bila darasa lolote, alikuwa anayafanya yote, kwa sababu miguu ndiyo mtaji wake.

Tulimalizia Marikiti, kwenye viungo na pilipili, kisha tukaketi barazani kwa watu nisiowajua, tukanywa kahawa tungu. Halua ilipitishwa. Mzee aliitazama, akanitazama, akaisukuma mbele. Nilipoangalia saa ilikuwa imepita saa moja na nusu. Kwa siku tisa pale kiwanjani nilikuwa nikiangalia saa kila baada ya dakika nne.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama wa Gikomba. Katika lugha yetu, msomaji, kutembea si kusogeza miguu tu. Ukimwambia mtu "njoo utembee kwetu" humwambii afanye mazoezi, unamwalika. Mtu aliyekwenda kutembea amekwenda kuona watu. Sisi madaktari tumelichukua neno hilo, tukaliondoa mwenyeji, tukaliondoa mahali pa kwenda, tukaliondoa mazungumzo na kahawa, tukabakiza dakika 30. Kisha twashangaa kwamba halimezeki.

Sitaki nikudanganye kuhusu faida yake. Matembezi ya kuonyeshwa mji ni ya polepole. Nusu ya muda ule tulikuwa tumesimama, ama tukieleza ama tukiamkiana na watu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za mwendo unaoharakisha pumzi, yaani mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mwendo wa mzee yule ungeruhusu hata taarabu nzima. Lakini aliyekuwa ameketi kutwa na sasa ametembea kidogo amekwisha kupata kitu. Mnamo 1953, Mwingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Waliona kwamba madereva, wanaoketi siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta wao, wanaopanda na kushuka ngazi wakikata tikiti. Makondakta hawakuwa wanariadha. Walikuwa kazini tu.

Kwa mtu mwenye shinikizo la damu, kutembea kwa bidii na bila kukatiza hupunguza kipimo cha juu kwa pointi tano hadi nane hivi. Hiyo haitoshi kutupa dawa, tafadhali usizitupe, lakini kwa wengine yatosha kuzuia kidonge cha pili. Nasi tunahitaji kila pointi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua.

Najua utasema Nairobi si Mji wa Kale. Kweli, na hapa nina neno na wanaopanga miji yetu. Kila mwaka katika nchi hii, kati ya wanaouawa barabarani, kundi kubwa zaidi ni la waendao kwa miguu. Tunajenga barabara ya njia nne, na mpita njia tunamwachia mtaro. Halafu mtu huyo akija kliniki na shinikizo, mimi namwandikia "tembea". Ni sawa na kumwandikia mtu maji ya kunywa mahali penye bomba lililokatwa. Vijia vya miguu vinapaswa kuhesabiwa pamoja na zahanati, na fedha zake ziulizwe kwa sauti ile ile.

Hata hivyo, nilipomwona tena yule mama, sikumpa dakika. Nilimwomba anitembeze. Alidhani namfanyia mzaha. Nikamwambia mimi nimeishi mji huu zaidi ya miaka 20 na Gikomba naijua kwa kuipita garini, nimefunga vioo.

Jumapili moja, saa moja asubuhi, kabla soko halijachangamka, alinichukua. Alinipitisha kwa wachonga mbao, kwa wapiga mabati, kwa wauza samaki, akinieleza nani alianza wapi na moto ulipoteketeza vibanda alijenga tena lini. Kisha akaniongoza hadi Pumwani, mtaa uliopimwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1920 ili Waafrika wakae mbali na katikati ya mji, akasimama mbele ya hospitali ya uzazi iliyopo tangu 1926. "Hapa ndipo nilipozaliwa," akasema. "Na watoto wangu wanne." Alikuwa akitembea haraka kuliko mimi. Mara mbili nilimwomba tupumzike, nikisingizia kamba za viatu.

Hakuna jirani aliyemwuliza kama amefilisika. Walimwuliza mgeni wake ni nani.

Sasa huja na dada yake na wanawake wawili wa kanisani, kila Jumapili, na kila mmoja kwa zamu huongoza njia ya mtaa aliokulia. Wamekwisha kufika Kaloleni na Shauri Moyo. Kilo hazijapungua hata moja, nasema kweli, na bado anakula vidonge vyake. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa 138 kwa 86. Changu kilikuwa 141 kwa 90, nami wiki ijayo nimeambiwa zamu ya kuongoza ni yangu. Nimekuwa nikiuliza wazee wa mtaani kwangu mambo ambayo nilipaswa kuyajua zamani.

Ukitaka kujaribu, tafuta mwenyeji, patana naye bei mapema kama ni kazi yake, beba maji, na uvae viatu ulivyokwisha kuvizoea. Lakini ikiwa kifua hukubana ukipanda ngazi, au una kidonda mguuni kisichopona, pitia kliniki kwanza.