Rimu za kisasa kwenye magari ya zamani: Usalama umo katika kipande kisichoonekana

MAGARI aina ya Peugeot 504 yaliyokuwa yakisafirisha abiria kati ya Nairobi, Kisumu na miji mingine ya magharibi mwa Kenya yamebaki machache barabarani. Wanaoyatunza huyaenzi kama kumbukumbu ya enzi ambapo gari hilo, lililounganishwa Mombasa, lilitwaa ubingwa wa Safari Rally mnamo 1975 na tena 1978. Hata hivyo, utunzaji huo umezua swali zito: gari la aina hiyo laweza kuvishwa rimu za kisasa bila kuhatarisha maisha ya abiria wake?

Swali hilo halitokani na tamaa ya mapambo pekee. Kanuni ya KS 1515:2000 ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, hairuhusu kuingizwa nchini magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane. Matokeo yake ni kwamba rimu kuukuu zinazozagaa madukani ni za magari ya Japani ya miaka ya karibuni, wala si za Peugeot, Datsun 1200 au Volkswagen ya mgongo wa kobe. Aidha, kampuni ya Sameer Africa ilifunga kiwanda chake cha tairi jijini Nairobi mwaka 2016, na tairi za inchi 13 zilizokuwa za kawaida zamani si rahisi kupatikana kama za inchi 15.

Tatizo la kwanza ni matundu ya nati. Peugeot 504 ina nati nne katika duara la milimita 140. Datsun 1200 ina nne katika duara la milimita 114.3, na Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyoundwa tangu 1968 hutumia milimita 130. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zina duara la milimita 100. Rimu ya Corolla basi haiwezi kuingia katika magari hayo matatu pasipo kifaa cha kubadilisha nafasi za nati.

Tatizo la pili ni ofseti, yaani umbali kati ya uso wa rimu unaogusa habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu hiyo. Magari mengi ya kisasa yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana ofseti ya takriban milimita 40, ilhali ya zamani yana ndogo zaidi. Rimu mpya huingia ndani mno na kuweza kugusa vyuma vya sasipensheni. Hapo ndipo hutafutwa speisa, kipande cha mviringo kinachokaa kati ya habu na rimu.

Ni muhimu kutenganisha matumizi mawili. Speisa inayorudisha tairi mahali lilipokuwa awali haibadilishi sana mzigo unaobebwa na beringi. Inayolisukuma tairi nje zaidi ili gari lionekane pana huongeza mzigo huo, hufanya usukani uwe mzito na tairi huweza kukwaruza bodi. Speisa ya milimita 25 kila upande hupanua nafasi kati ya magurudumu kwa milimita 50.

Speisa nyembamba hushikiliwa na stadi zilezile za gari, na kila milimita ya unene wake hupunguza nyuzi zinazoshikwa na nati. Kwa stadi ya milimita 12 yenye nyuzi za milimita 1.5, nati inapaswa kuzunguka angalau mara nane kamili. Isipofika hapo, stadi ndefu zahitajika. Speisa nene, kuanzia takriban milimita 20, hufungwa kwa nati zake kwenye habu, kisha rimu hufungwa kwenye stadi za speisa yenyewe.

Iliyo bora ni ile iliyokerezwa kutoka kwa alumini iliyofuliwa au chuma imara, wala si ya kumiminwa kwenye kalibu, ambayo huweza kupasuka. Tundu lake la katikati sharti likae barabara juu ya habu, na ukingo wake uikamate rimu vivyo hivyo. Kuna rimu zinazotaka nati zenye ncha ya pia na nyingine zinazotaka nati bapa. Kuzichanganya ni hatari. Kurundika washa, au kuweka speisa mbili pamoja, ni jambo la kukataliwa kabisa.

Mazingira ya Kisumu yanaongeza uzito wa hoja hii. Matope ya udongo mweusi wa nyanda za Kano, na desturi ya miaka mingi ya kuoshea magari ufuoni mwa ziwa, huacha unyevu na uchafu katikati ya vyuma. Kutu ikiingia kati ya habu na speisa, mkazo wa nati hupungua. Ndiyo maana nyuso hizo husafishwa kwanza, nati hukazwa kwa spana yenye kipimo, kisha hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari ya Kisumu hadi Kericho, takriban kilomita 80, inatosha kuwa kipimo hicho.

Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari na sehemu zake liwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani. Vilevile, mwenye gari anayeficha mabadiliko kwa kampuni ya bima hujiweka katika hatari ya kunyimwa fidia.

Mafundi wa jua kali wana ujuzi wa kukereza vyuma, na ujuzi huo usidharauliwe. Lakini kazi hii inadai vipimo sahihi na chuma kinachojulikana asili yake. Vikikosekana hivyo viwili, uamuzi wa busara ni kukarabati rimu za awali na kusubiri tairi zake. Gurudumu likichomoka kwenye mteremko halichagui kati ya dereva na mpita njia. Tahadhari kabla ya hatari.