Ndege za rimoti nazo zipewe saa yao uwanjani

SHABIKI wa soka akitajiwa ndege ndogo ya rimoti, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni kisanga. Atakumbuka Belgrade, Oktoba 14, 2014, Serbia na Albania wakisaka tiketi ya Euro 2016, ubao ukisoma 0-0. Droni ikaingia uwanjani ikiwa imening'iniza bendera, beki wa Serbia Stefan Mitrovic akaivuta chini, wachezaji wakavaana, mashabiki wakamwagika ndani na mwamuzi Martin Atkinson akapeleka timu vyumbani. Hazikurudi. Kesi ilifika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), na mwaka uliofuata Albania wakapewa 3-0 za mezani.

Wenye kumbukumbu za karibuni watataja Olimpiki ya Paris 2024. Benchi la timu ya wanawake ya Canada lilikutwa na kashfa ya kurusha droni juu ya mazoezi ya New Zealand. FIFA iliwakata Canada pointi sita na kumfungia kocha Bev Priestman mwaka mzima.

Kwa visa hivyo viwili jina limechafuka, na si ajabu. Lakini upo ukoo mwingine wa ndege hizi ambao hauna kamera wala haupelelezi mtu. Ni ndege zenye mabawa na mkia, zinazokatwa, kugundishwa na kufungwa mota na mtu mwenyewe, zikaanguka, zikatengenezwa upya jioni na kurushwa tena kesho. Huo ni mchezo kamili, una sheria, waamuzi na mashindano ya dunia. Shirikisho lake, FAI, lilizaliwa mwaka 1905, likiwa dogo kwa FIFA kwa mwaka mmoja tu.

Sasa mtu atauliza, Ngara na Biharamulo zinaingiaje hapo?

Zinaingia kwa sababu ya ardhi. Mkoa wa Kagera ni zaidi ya Bukoba na Kaitaba. Ukiacha ziwa ukashuka kusini na magharibi, unakutana na vilima vya Ngara, vingi vikiwa vya nyasi fupi, virefu na wazi. Upepo ukipiga ubavu wa kilima hauna pa kwenda ila juu. Mrushaji anayejua kazi yake husimama ukingoni, akaitupa kwa mkono ndege isiyo na mota, ikaelea juu ya upepo huo huku yeye akiigeuza kwa rimoti. Wenzetu wa Ulaya husafiri mbali kutafuta mteremko wa namna hiyo. Mtoto wa Rulenge au Kabanga anaupita akienda shule.

Ufundi nao haujaanza leo. Vijijini humo, kama kwingine nchini, watoto wametengeneza magari ya waya na ndege za mabua tangu enzi za babu zao. Aliyeshona mpira kwa makaratasi na kamba za mgomba hashindwi kukata bawa. Foma ngumu nyeupe inayokuja imezunguka televisheni mpya inatosha kuanzia. Kijiti cha mwanzi kinapita katikati ya bawa ili lisivunjike, seloteipu inashika ukingo wa mbele, na gundi ya moto inafunga mkia. Vinavyouma mfukoni ni vile vya umeme: mota, betri, rimoti na sevo, yaani vile vimota vidogo vinavyosukuma usukani. Ndiyo maana vijana wenye akili hununua seti moja kwa watu watatu na kuihamisha kutoka ndege hadi ndege. Foma ikisagika hasara ni ndogo, mradi mota ipo salama.

Halafu kuna mambo ambayo duka halikuambii. La kwanza ni mizani. Ndege ikiinuliwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, inatakiwa itulie pale penye robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikiwa mkia mzito, hata ufunge mota ya bei gani, itapanda kama chura na kudondoka. Tiba yake ni kusogeza betri mbele, wala si kununua kitu kipya. La pili ni hewa. Ngara ni nchi ya miinuko, na huko juu hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo propela iliyotosha Kigamboni itakohoa Murgwanza. Unahitaji bawa kubwa au mzigo mdogo. La tatu ni betri ya lithiamu. Kila seli yake hujazwa hadi volti 4.2 na isishushwe chini ya volti 3. Ikivimba, haichajiwi tena hata kama inaonekana nzima, maana inaweza kuwaka moto, na nyumba nyingi tunazijua zimejengwaje.

Kijana anayejifunza hayo anajua kulehemu waya, kusoma mita na kutafuta kosa kwa utaratibu. Lakini tusiuze mchezo kwa bei ya ufundi. Soka nalo halikuombwa cheti cha manufaa ndipo liruhusiwe.

Hata hivyo, ni vigumu kutotazama ng'ambo. Ukivuka daraja la Rusumo ukaifuata barabara kuu ya Rwanda unafika Kayonza, ambako tangu Desemba 2018 kampuni ya Zipline imekuwa na kituo cha kurusha ndege zinazopeleka damu na dawa hospitalini. Kituo cha kwanza, cha Muhanga, kilianza Oktoba 2016. Ndege zile zina mabawa na propela na zinashusha mzigo kwa mwavuli wa karatasi. Mtu aliyewahi kuunda ya foma akiiona haitamshangaza sana. Upande wetu, mwaka 2018 ndege ya Wingcopter ya Ujerumani ilifanya majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Malawi hawakungoja. Januari 2020 ilifunguliwa Lilongwe shule ya kufundisha vijana wa Afrika kazi hizo.

Kwetu kigingi ni kibali. Tangu kanuni za mwaka 2018, chombo kinachorushwa bila rubani ndani yake kinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Wizara ya Ulinzi nayo lazima itoe baraka zake. Kwa wilaya mbili hizi jambo hilo lina uzito zaidi. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Ni hapohapo, mwishoni mwa Aprili 1994, watu 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa siku moja. Mzee aliyeyaona hayo akisikia kitu kinavuma angani na kumuona kijana ameshika kifaa chenye antena, asilaumiwe akienda kutoa taarifa. Biharamulo nayo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, na hifadhini hurushi kitu bila ruhusa.

Kwa hiyo sheria ina sababu zake. Tatizo ni kwamba inamkuta mvulana wa Nyakanazi peke yake. Kuandika barua kwa mamlaka ya Dar es Salaam, kuzifuatilia, kueleza ndege ya foma ni nini, hiyo ni kazi ya chama. Mchezaji wa mchangani hajiombei usajili mwenyewe, ana katibu wa timu. Hawa hawana katibu, wala hawana uwanja. Matokeo yake ni mawili: kuacha, au kurusha kwa kujificha nyuma ya shule, kwenye nyaya za umeme na watoto wanaokimbia. La pili ndilo la kuogopesha. Propela ya plastiki ikizunguka kwa kasi inakata kidole.

Hapa ndipo viongozi wa soka wa wilaya wanapoingia, maana wao ndio wenye ratiba za viwanja. Jumapili saa 12 hadi saa 3 asubuhi uwanja hauna mtu. Ni saa nzuri pia kwa ndege, kabla upepo wa mchana haujachachamaa. Ipo aina moja ya mchezo huu ambayo inaonekana kama ilitengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mpira. Ndege haina rimoti kabisa, imefungwa nyaya mbili nyembamba zenye urefu wa mita 15 hadi 21, mrushaji anasimama kwenye duara la kati na kuizungusha huku akiipandisha na kuishusha kwa mkono. Duara lake zima linaenea ndani ya mistari, na ndege haiwezi kuchepuka kwenda kijiji cha jirani wala nchi jirani. Kamanda wa polisi akialikwa kuiona mara moja, maswali mengi yatakwisha hapohapo.

Wapo watakaosema viwanja vyenyewe havina hata nyavu, leo vipewe midoli. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Nyavu hazipo, na hilo ni deni la miaka mingi ambalo gazeti hili halitaacha kulidai. Lakini ndege ya kilo moja haichimbi majani kama daluga, na haihitaji goli.

Afisa michezo wa wilaya anaweza kuwaandikisha vijana kama klabu, jina likapelekwa Baraza la Michezo la Taifa (BMT), na klabu ndiyo ikaomba kibali TCAA kwa niaba ya wote, kwa uwanja mmoja na saa zinazojulikana. Mwalimu mmoja wa fizikia awe mlezi. Mstari mmoja wa usalama uchorwe kwa chokaa, watazamaji wasiuvuke. Chokaa ipo, ni ileile ya kuchorea boksi la penalti. Kinachosubiriwa ni kamati kukaa kabla ya ratiba ya ligi ya wilaya kubandikwa ukutani, kwa sababu ikishabandikwa, kila mtu anajua ugumu wa kuibandua.