Tusifungwe na Printa Tunazozinunua Wenyewe

Ipo kasumba katika ofisi zetu kwamba programu ya kompyuta isiyolipiwa ni takataka, na kwamba mtumishi mwenye busara hununua kitu chenye jina. Wenye kasumba hiyo hawajapata kusoma masharti ya leseni hata siku moja.

Yapata mwaka 1980, chuo cha MIT huko Marekani kilipewa printa kubwa ya Xerox. Printa ya zamani ilipokwama, programu yake, ambayo Richard Stallman alikwisha irekebisha, iliwaarifu waliokuwa wakingoja. Hiyo mpya ilikuja bila msimbo wake. Stallman alimwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa, kwani bwana yule alikwisha tia sahihi ahadi ya kutompa mtu. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni iitwayo GPL. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mgogoro huu ulianzia kwenye printa, wala si kwenye nadharia za wasomi.

GPL yasema hivi: tumia, chunguza, rekebisha, mpe mwenzako, lakini ukigawa ulichorekebisha, toa na msimbo wake kwa masharti yale yale. Wapo wanaocheka kwamba mali ya namna hiyo haina mwenyewe. Na waende Yaeda Chini. Katika bonde hilo, mwaka 2011, Wahadzabe walipewa hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ardhi ile inao wenyewe. Ni jamii nzima, na hati ipo kuzuia isimegwe na mjanja mmoja.

Hata hivyo leseni hazilingani. CUPS, programu inayoendesha uchapaji katika kompyuta za Linux na za Apple, ilitolewa na Michael Sweet mwaka 1999 chini ya GPL. Apple iliununua msimbo wake mwaka 2007, na mwaka 2017 ikatangaza kuuhamishia katika leseni ya Apache, ambayo humruhusu mtu kuchukua, kurekebisha na kujifungia bila kurudisha kitu. Huo si wizi, maana mwenye hakimiliki aweza kufanya hivyo. Lakini matoleo yaliyotangulia hayakuweza kunyang'anywa, na hata hiyo Apache haimzuii mwalimu kuchapa.

Anayemzuia mwalimu ni mwingine. Ni mtengenezaji anayeuza printa kwa bei nafuu, akaficha msimbo wa programu ya kuiendesha, kisha akaacha kuihudumia. Mwalimu wa Yaeda Chini ataikuta mashine nzima, wino umo, karatasi zimo, na mtihani hauchapiki. Akikimbilia nakala za wizi, anaivunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na kujiletea virusi juu yake.

Wala tusisingizie ugeni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa Kiswahili safi. Iliwezekana kwa kuwa leseni iliruhusu.

Basi maafisa ugavi wa halmashauri, kabla ya kutia sahihi, wamwulize muuzaji: je, printa hii inaendeshwa na programu huria? Jibu lake liandikwe ndani ya mkataba, na asiyekuwa na jibu arudi na printa zake.