MBWA WA MBEGU SIYO MFUNGWA

Wadau, leo nina ugomvi na wanaozalisha mbwa wa kuuza. Jike wa kizungu ananunuliwa kwa pesa nyingi, anafungiwa kwenye banda la nondo nyuma ya nyumba, anapandishwa, anazaa, anapandishwa tena. Mlango hufunguliwa kwa sababu mbili tu: chakula na dume. Mteja akija anaambiwa, "Huyu mkali bosi, hajazoea watu." Eti hiyo ndiyo sifa!

Jamani, huo si ukali, ni woga. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, Scott na Fuller, walichapisha matokeo ya kazi yao ya miaka mingi: mtoto wa mbwa huzoea watu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ya maisha yake. Muda huo ukipita hajabebwa na watoto, hajasikia pikipiki wala mashine ya kukoboa mpunga, kumrekebisha ni kazi kwelikweli. Na mbwa mwoga hachagui wa kumng'ata.

Sasa njoo kwetu bonde la Kilombero. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema kichaa cha mbwa kinaua watu kama 1,500 Tanzania kila mwaka. Kuanzia mwaka 2010 mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) ulichanja mbwa kusini mashariki mwa nchi, Kilombero na Ulanga zikiwemo. Lengo lilikuwa kufikia asilimia 70 ya mbwa. Sasa niambieni, zoezi kama hilo linafanyikaje? Mwenye mbwa anamleta kituoni, anamshika, anachomwa sindano. Mbwa ambaye hata anayemlisha anamwogopa, nani atamshika?

Dawa ipo. Jike wa mbegu akae na familia, siyo bandani. Uingereza, chama cha Guide Dogs kinachotoa mbwa wa kuongoza vipofu huweka majike yake majumbani kwa watu waliojitolea. Mbwa ni wa chama, malezi ni ya familia. Tangu mwaka 1956 hata watoto wa mbwa wamekuwa wakilelewa majumbani kabla ya mafunzo. Mtasema hao ni mbwa wapole. Haya, jeshi la Marekani pale Lackland, Texas, watoto wa mbwa wake wa vita hupelekwa kwa familia mpaka wafike kama miezi saba. Mbwa wa vita, analelewa sebuleni!

Na msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. "Kopa ng'ombe, lipa ng'ombe" tunaijua sote: unapewa mtamba, unatunza, unarudisha ndama. Wasukuma na Wachaga walikuwa wakiwekeana ng'ombe toka enzi za mababu. Mbwa anashindikana nini? Mwenye mbwa atoe chakula, chanjo na daktari wa mifugo. Familia itoe ua, mikono na muda. Watoto wakizaliwa, mmoja abaki kwa mlezi au auzwe wagawane. Yaandikwe, wasaini, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie.

Najua jibu lenu: mtu anahangaika kulisha wanawe, utampaje mbwa? Ndiyo maana nimesema chakula ni juu ya mwenye mbwa. Akishindwa hilo, hana biashara, ana tamaa. Na ambaye imani yake haimruhusu mbwa ndani ya nyumba, asisumbuliwe. Wapo wengi wanaokwenda shambani na mbwa kila msimu kufukuza nguruwe pori na nyani kwenye mpunga. Mbwa hao hawana ukoo wala cheti, lakini wanamjua mwizi na wanamjua mgeni. Nani aliwafundisha? Kuishi na watu, basi.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008. Halmashauri zianze kuyakagua mabanda haya, na sisi wanunuzi tuache kulipia woga tukidhani ni ulinzi. Ukienda kununua, omba kumwona mama. Umwone nje ya nondo, akiwa na watu. Wakikataa, ondoka na pesa yako.

Na wewe mwenye banda: kama huna hata familia moja inayokubali kuishi na jike wako, usimzalishe.