Wakomunisti wa Asilia

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa, redio inaunguruma. Mchambuzi mmoja akasema kwamba vyama vya kikomunisti vilivyojitenga kule Urusi tangu Umoja wa Kisovieti uvunjike mwaka 1991 ndivyo "vya asilia", maana mwenye msimamo hanunuliki. Kinyozi akaitikia, "Kweli kabisa." Ningeruka kitini, ila wembe ulikuwa shingoni.

Asilia! Sisi Wakenya neno hilo tunalijua. Mwaka 1992 chama cha upinzani cha FORD kilipasuka, huku FORD-Kenya, kule FORD-Asili, na Rais Moi akarudi Ikulu kwa asilimia 36 tu ya kura. Tuyaache hayo, bado yananiuma.

Anayehama nyumba kwa ajili ya msimamo hujitwika godoro lake akaenda zake. Hawa wa Urusi huhama na kibao cha mlangoni. Julai 2004, Gennady Zyuganov akiendesha mkutano mkuu wa chama chake, Chama cha Kikomunisti cha Shirikisho la Urusi, mjini Moscow, umeme ulikatika na wajumbe wakaendelea gizani. Siku hiyohiyo kundi la Vladimir Tikhonov, gavana wa Ivanovo, likafanya mkutano mkuu wake ndani ya meli kwenye Mto Moskva na kudai kwamba chama ni wao. Si chama kingine, ni kilekile, jina lilelile! Wizara ya Sheria ilipowakatalia mwezi uliofuata, ndipo walipokumbuka kwamba mtu anaweza kuanzisha chake.

Halafu wakaja Wakomunisti wa Urusi, wa Maxim Suraykin. Liweke jina hilo kando ya Chama cha Kikomunisti cha Shirikisho la Urusi, cha Zyuganov, kwenye karatasi moja ya kura, kisha umpe bibi mstaafu aliyesahau miwani nyumbani. Mwaka 2016 walipata asilimia 2.27, wasipate hata kiti kimoja. Msimamo gani huo unaotegemea macho mabovu ya wazee? Na mwaka 1995 kambi ya Viktor Anpilov na Viktor Tyulkin ilipata asilimia 4.53 wakati kizingiti cha kuingia bungeni kilikuwa 5. Kura zaidi ya milioni 3 zikaenda na maji, wao wakabaki safi.

Utasikia, "Mbona Lenin naye alitengana na wenzake mwaka 1903?" Lenin alikuwa na upara pia. Wangu nimeulipia shilingi 150, na sijapindua serikali ya mtu.

Nilimweleza kinyozi haya yote. Akanipangusa shingo na kusema mzee unachukulia mambo kwa uzito mno, mtu akijitenga ana sababu zake. Huyu huyu! Mwezi uliopita kijana wake wa kazi alifungua kibanda ng'ambo ya barabara, akachora jina lilelile la duka na kuongeza "Orijino" kwa rangi nyekundu. Mtaa mzima ulisikia matusi yake hadi magharibi.