Butembo na Beni: Mama anayetokwa na mkojo anahitaji matunzo, si kuchekwa

Mama akiacha kwenda kanisani, watu wanasema imani yake imepoa. Akikaa mbali na wenzake sokoni, wanasema ana majivuno. Kumbe mara nyingine mkojo unamtoka akikohoa, akicheka ao akiinua mzigo, na anaogopa harufu.

Hii si laana. Mimba nyingi na uchungu wa muda mrefu hulegeza misuli inayoshikilia kibofu. Kisha mama wa Butembo anapanda kilima na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na uzito unazidi kukandamiza kibofu kile kile.

Wengi wakisikia habari hii wanafikiria fistula tu. Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke: mkojo unatiririka mchana na usiku, na mara nyingi unahitaji upasuaji. HEAL Africa ya Goma na Panzi ya Bukavu wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini kuna wamama wasio na tundu, misuli yao ndiyo imechoka. Na kuna waliopasuliwa, tundu likafungwa, lakini bado wanavuja.

Matunzo ya kwanza kwa misuli iliyolegea hayana bei: kukaza misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, kuachilia, kurudia kila siku kwa miezi 3 hivi. Mama asiyeweza kuhisi misuli hiyo anaweza kusaidiwa na umeme. Kifaa kidogo, kingine cha betri tu, hupitisha umeme hafifu ukeni, misuli ikajikaza yenyewe. Kwa yule anayeshikwa na mkojo wa ghafula, umeme unaweza kupitishwa kwenye mshipa wa fahamu karibu na kifundo cha mguu. Hauzibi fistula, na mwenye mimba ao mwenye kifaa cha moyo hapaswi kuutumia hivi hivi. Ndiyo sababu daktari ao kine lazima amwangalie mama kwanza.

Mtu atasema: watu wanauawa Beni, nani atafikiria mkojo? Lakini kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa Ebola, watumishi wa afya walipita mlango kwa mlango wakiuliza juu ya homa, hata risasi zikilia. Basi kuuliza swali moja siku ya kupima watoto hakuwezi kushinda vituo vya afya: « Mama, mkojo unakutoka bila kutaka? »

Mkunga afundishe mazoezi siku hiyo hiyo. Hospitali kuu ziwe na kine aliyejifunza kazi hii, na kifaa kimoja kwa kuanzia. Mashirika yanayolipia upasuaji wa fistula yalipie pia matunzo yanayofuata. Naye mume aliyehama kitanda arudi, amsindikize mke wake hospitalini.