MWAMBA UKIFUNGWA, TAJIRI NAYE AFUNGE MIZANI



Karatasi hii imezoea habari za bandari, reli na mashamba ya mkonge. Leo twataka kusema juu ya watu wasio na kadi ya chama wala jina katika daftari la tajiri ye yote. Ni wavuvi wa pweza wa pwani ya kusini, toka Gazi mpaka Shimoni, Mkwiro na Vanga. Hawa hawana mashua wala nyavu. Maji ya bamvua yakipwa, akina mama huteremka mwambani kwa miguu, ufito wa chuma mkononi, wakachungulia shimo baada ya shimo. Vijana huzamia ukingoni kwa miwani. Kisha pweza hupelekwa kwa tajiri, naye humpima kwa mizani yake, hutaja bei yake, na wengi wao huishia katika sahani za Ulaya.

Sasa twaambiwa pweza wamekuwa wadogo, kosa ni la mvuvi, mwamba ufungwe. Haya. Sisi hatupingi kufunga, maana anayepinga hamjui pweza. Mnyama huyu haishi sana kupita mwaka mmoja au mmoja na nusu, lakini hukua upesi ajabu. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai shimoni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchoma mapema umekula mtaji. Mwamba ukipumzika miezi michache, yule wa leo asiyejaza kikombe atakuwa na uzito mara kadha.

Tunalouliza ni hili: nani atabeba njaa ya miezi hiyo?

Kufunga mwamba ni mgomo. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulikuwa na nguvu kwa sababu watu wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani walitoka pamoja. Mwamba ni vivyo hivyo. Tazameni Bukini, yaani Madagaska. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka walifunga sehemu ya mwamba wao kwa muda wa miezi saba hivi. Ulipofunguliwa mwaka 2005 pweza walikuwa wakubwa kweli, lakini watu walifurika toka vijiji vingine pia, na faida ikapungua upesi. Hawakukata tamaa. Vijiji vikaungana, na serikali yao ikaweka majira ya kufunga pweza kila mwaka. Sheria hiyo humgusa mnunuzi kama inavyomgusa mvuvi, na hapo ndipo penye siri yote.

Huku kwetu tajiri ana friji na gari. Kijiji kimoja kikifunga, yeye huenda cha pili kununua vitoto vya pweza, na mama aliyekubali kukaa nyumbani huonekana mjinga. Tena angalieni panapofungwa. Wakifunga mwamba wa karibu na kuacha wa kilindini, wamewafunga wanawake peke yao, maana mama hana miwani wala hazamii. Na mkutanoni mama huyo hukaa nyuma, huletewa uamuzi kama anavyoletewa chai! (Chai yenyewe ameipika yeye.)

Twataka siku moja ya kufunga kwa vijiji vyote vya mwamba mmoja. Twataka tajiri akatazwe kununua pweza mdogo wakati wo wote, mwamba uwe wazi au umefungwa. Mizani iwe ya wavuvi, ikae hadharani. Na bei ipatanwe kabla ya siku ya kufungua, kwa kuwa pweza wengi wakishuka siku moja tajiri atasema soko limejaa, na jasho la miezi yote litaingia mfukoni mwake.

Watu watasema yapo mambo ya BMU. Yapo, na kanuni zake za 2007 zimempa mvuvi nafasi ya kusimamia bahari yake pamoja na serikali. Lakini wafanya biashara ya samaki nao wamo humo humo. Mgomo gani ambao mwajiri huketi kitini akipiga kura lini uanze? Basi, akina mama wa pweza, jiandikisheni kabla ya mkutano unaokuja, mmoja mmoja kwa jina lake na si kwa jina la mume, na siku ya kura mkae mbele.